Leseni ya promota: mdogo abanwe, mkubwa apite

Z: Haya tumerudi. Kaka ulikuwa unasema wanamuziki wa Chicago kule Marekani waligoma?

K: Hawakugoma dada, walipiga kelele. Mei 2008 baraza la jiji lilitaka kupitisha sheria, yaani ukiandaa shoo kwenye ukumbi wa watu zaidi ya 100 uwe na leseni ya promota, dola 500 mpaka 2,000, inakaa miaka miwili, juu yake bima ya kufidia mpaka dola 300,000, halafu unaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole kama umeiba ng'ombe.

Z: Kisa umeleta bendi!

K: Na uwe umetimiza miaka 21.

Z: Ila tusiwe wanafiki, kuna watu walikufa Chicago.

K: Walikufa 21, klabu ya E2, Februari 2003. Watu walizichapa, mabaunsa wakapuliza pilipili, klabu iko ghorofani, umati wote ukakimbilia ngazi ya mbele, wakaangukiana pale chini mlangoni, wa juu wanasukuma hawajui mbele kuna nini. Inauma. Sasa sikia, ile ghorofa mahakama ilishaamuru ifungwe tangu 2002.

Z: Weee! Na watu wanaingia?

K: Wanaingia, wanalipa kiingilio! Amri ipo, msimamizi hayupo. Sasa leseni ya promota ingesaidia nini pale kwenye ngazi?

Z: Mmh, ila kuna mapromota wanajaza watu mpaka unakosa pa kuweka mguu.

K: Wapo, sikatai. Lakini mwenye ukumbi ndiye mwenye leseni na ndiye mwenye mlango, mbane huyo. Na kilichonichekesha, kumbi zenye viti vya kudumu kuanzia 500 zilisamehewa.

Z: Aah, kwa hiyo wale wakubwa wanapita hivihivi.

K: Eeh! We piga hesabu, ukumbi wa watu 150, kiingilio dola kumi, ukijaza wote ni 1,500, toa ukumbi, toa soundi, toa bendi tatu na nauli zao, bima utalipa na nini? Na huo ndio mji uliozaa muziki wa house, DJ Frankie Knuckles alianza kupiga pale klabu ya Warehouse 1977, wale wadau wangeombwa bima ya laki tatu sijui leo tungecheza nini.

Z: Tungecheza bao. Ikaishaje?

K: Wenye kumbi, wanamuziki, mashabiki, wote wakawajia juu madiwani, siku ya kura ikafika, kura ikaahirishwa.

Z: Sisi huku hata kelele hatupigi, tunapanga foleni tu. Hivi kibali chetu cha Jumamosi?

K: Muhuri wa mtaa upo. Ule mwingine wamesema nije kesho.

Z: Si ndivyo walivyosema jana?

K: Jana walisema aliyeshika muhuri yuko semina.