Wajibu wa Kusimama: Usalama wa Treni za Matembezi za Mvuke

Ndugu wasikilizaji,

Watu hupanda treni ya matembezi ya mvuke kwa sababu ya mapenzi yao kwa injini yenyewe. Kwa hiyo hakuna ratiba inayoweza kuhalalisha kuendelea na safari pindi wahudumu wanapoingiwa na shaka. Hoja yangu jioni hii ni kwamba wajibu wa kwanza wa dereva, mchochea moto na gadi, yaani msimamizi wa treni, ni kusimama, na kwamba kila mmoja wao anapaswa kuwa na mamlaka ya kudai hivyo.

Tuanze na maji. Dari la tanuri, yaani la chumba cha moto cha injini, ni bati la chuma linalopigwa na moto kwa chini, na kwa juu hulindwa na maji peke yake. Maji yakipungua hadi kuliacha wazi, chuma hulegea kwa joto, msukumo wa mvuke hulipasua, na maji yaliyomo ndani ya boila, yaani pipa la kuchemshia maji, hugeuka ghafla kuwa mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya awali. Ndivyo ilivyotokea tarehe 16 Juni 1995 karibu na Gardners, jimbo la Pennsylvania, Marekani, injini nambari 1278 ilipokuwa ikivuta treni ya matembezi ya reli ya Gettysburg. Dereva na wachochea moto wawili waliungua, dereva vibaya zaidi. Wachunguzi walieleza kwamba boila halikukaguliwa wala kutunzwa ipasavyo, na kwamba wahudumu hawakufunzwa vya kutosha. Boila zima halikulipuka kwa sababu waliolijenga waliweka baadhi ya safu za vishikizo vya dari, yaani vyuma vinavyolishikilia bati, ziwe imara kuliko nyingine, na hivyo bati likaachia hatua kwa hatua. Abiria wale walilindwa na uangalifu wa mafundi wa miaka mingi iliyopita, jambo ambalo hakuna mhudumu anayepaswa kulitegemea.

Kanuni za Marekani, zilizoandikwa upya mwaka 1999, zinadai kila boila liwe na vioo viwili vya kupimia maji, alama ya chini kabisa ikiwa angalau inchi 3 juu ya sehemu ya juu kabisa ya dari la tanuri, na taa ya kuwawezesha wahudumu kuyaona maji. Hata hivyo, kioo kilichoziba kwa chumvi iliyoganda huonyesha maji yasiyokuwepo, kwa hiyo ni lazima kipulizwe kwa mvuke kabla ya kazi ya siku kuanza, na tena kila inapohitajika. Vioo viwili vikitofautiana, moto upunguzwe mara moja na treni isimame. Injini za Garratt, aina ya injini kubwa za mvuke, za daraja la 59 za Afrika Mashariki, kama Mount Gelai iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, zilichoma mafuta mazito, lakini sheria ya maji ilikuwa ileile.

Hatari ya pili ni utii usio na swali. Tarehe 7 Machi 2015, huko Wootton Bassett, Uingereza, kifaa cha usalama kilizifunga chenyewe breki za treni ya mvuke yenye abiria baada ya dereva kutoitikia onyo lake. Kanuni ilimtaka asimame na kumwarifu mwongoza ishara. Badala yake, mchochea moto aliagizwa kufunga koki (vali) iliyokitenga kifaa hicho na breki, na treni ikaendelea bila ulinzi, ikaipita ishara nyekundu na kusimama juu ya makutano ya reli ambayo treni nyingine ilikuwa imeyavuka muda mfupi kabla. Mwaka 2016 kampuni iliyoiendesha ilitozwa faini ya pauni 200,000, naye dereva akapewa kifungo cha miezi 4 kilichoahirishwa.

Mimi namfikiria zaidi yule aliyeagizwa. Napendekeza kwamba kabla ya kila safari dereva atamke, mbele ya mchochea moto na gadi, kuwa hakuna kifaa cha usalama kitakachofungwa bila treni kusimama na mwongoza ishara kuarifiwa, na kwamba atakayekataa agizo la namna hiyo hataulizwa sababu hadi treni iwe imesimama.