Jani liende kwa ng'ombe: mhadhara kwa wafugaji wa Uvinza

Wazee wangu, kina mama, vijana: mwakeye. Na ndugu zangu Wasukuma mliohamia huku na mifugo yenu, mwangaluka. Yale majani kwenye turubai tutayarudia mwishoni. Naomba tu mbuzi wasiyafikie.

Kiangazi kimekolea. Vilimani nyasi zimekauka au zimeungua, ng'ombe anatembea kutwa nzima na kurudi mbavu zikihesabika. Hapo chini bonde la Malagarasi ni kijani kibichi. Naelewa kwa nini mtu anatamani kuswaga kundi lote humo. Lakini ardhioevu hii ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na sehemu yake ni pori la akiba. Hata nje ya mipaka hiyo, kwato huvuruga mazalia ya samaki ambao sote tunawala. Mimi nasema jani liende kwa ng'ombe, si ng'ombe kulifuata jani. Tukate mimea ya majini panaporuhusiwa, tubebe, tulishe nyumbani.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua. Tumbo lao la kwanza limejaa vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi ambazo kuku hawezi kunufaika nazo. Kwa hiyo mafunjo machanga ni chakula kwao, matete machanga pia. Yakishakomaa ni kuni tu.

Taabu iko kwenye maji. Mliotokea kandokando ya Ziwa Victoria mnayajua magugu maji. Katika kilo 100 za magugu yale mabichi, zaidi ya 90 ni maji matupu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Ili azipate kwenye magugu peke yake, itabidi ale karibu kilo 100. Tumbo gani litabeba mzigo huo? Anashiba kabla hajala.

Hili nililiona nyumbani. Nilipotoka chuoni nilimshauri mama awape mbuzi wake majani ya bwawani, mabichi, asubuhi na jioni. Matumbo yalijaa vizuri, tukafurahi. Wiki ya pili kinyesi kikawa uji, na mbuzi wakakonda wakiwa wameshiba. Mama hakunilaumu, lakini ushauri ule ulikuwa mbaya na ulikuwa wangu. Tangu siku ile sijamwambia mfugaji amwage majani mabichi horini.

Kwa hiyo tunaanika. Yakate, yatandaze juani siku moja au mbili huku ukiyageuza, kisha yakatekate na uyachanganye na mabua ya mahindi, pumba, na mashudu ya mise, yaani kokwa za michikichi, ambayo Kigoma hatuna sababu ya kuyakosa. Anza na kidogo, ongeza polepole. Mimi sipendi yazidi robo ya chakula cha siku. Ukitaka kuweka akiba, tengeneza saileji: majani yaliyonyauka, pumba au molasi kidogo, shindilia kwenye mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa iishe, funga, uache kama mwezi mmoja. Ukifungua ukakuta harufu kali ya uozo au ukungu, tupa.

Sasa minyoo ya ini. Konokono wa majini hutoa viluwiluwi vya minyoo hiyo, navyo hujigandisha kwenye majani, vidogo kuliko chembe ya chumvi yetu ya Uvinza. Ng'ombe akila jani bichi, amekula minyoo. Kukausha vizuri kunapunguza hatari sana. Jani lililonyauka nusu bado si salama. Anayelisha mimea ya majini amwone bwana mifugo kuhusu dawa na ratiba yake. Wala usikate karibu na vyoo, migodi au mashamba yanayopuliziwa dawa, kwa sababu mimea hii hunyonya kilichomo majini.

Na tafadhali, tusiwatume watoto kukata. Malagarasi ina mamba.

Kina mama waliniuliza kama kuna njia ya kukwepa mto kabisa. Ipo: azola, kimea kidogo kinachoelea juu ya maji. Chimba kishimo cha mita mbili kwa moja chini ya kivuli, tandika nailoni, weka udongo laini, samadi kidogo na maji ya kina cha kiganja. Azola huishi na vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani, ndiyo maana ina protini nyingi, kama robo ya uzito wake ikikauka. Ioshe, ichuje maji, changanya kilo moja au mbili kwenye pumba za ng'ombe wa maziwa. Lakini magugu maji asiyapande mtu, wala asiyabebe kutoka Mwanza kuja huku. Yalitoka Amerika ya Kusini, na yakishika bwawa hayatoki.

Haya, tusogee kwenye turubai. Jana saa nne asubuhi tulipima majani haya mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yakawa kilo 20 kamili. Kijana, yakusanye yote uyaweke kwenye mizani, utusomee kwa sauti.