Helikopta ya rimoti: mambo ya kufanya kabla haijaruka

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena barazani kwangu Mwanakwerekwe, Unguja. Helikopta yetu hii hapa, saizi 450, nimemaliza kuifunga jana usiku umeme uliporudi. Skrubu za chuma kwa chuma nimezitia gundi ya buluu, zisilegee. Za plastiki usitie gundi, plastiki italika. Hayo mnayajua, twende.

Kwanza vua mapanga makubwa, weka pembeni. Halafu mota ina waya tatu: chomoa mbili. Tutachezea rimoti hapa mezani, na mota ikishituka huku mkono uko ndani ya gia, utakula kwa mkono wa kushoto, Mungu atusamehe.

Washa rimoti kwanza, betri ndiyo ya mwisho. Ukizima unageuza: betri kwanza, rimoti mwisho. Betri yangu ni ya seli tatu, imejaa, inasoma volti 12.6. Ukishachomeka, usiiguse helikopta hata kidogo, jairo, kile kifaa kinachouzuia mkia usizunguke wenyewe, inajipima. We paka, toka!

Kijiti cha kupandishia kikiwa katikati, sahani hii ya chini ya kichwa ikae sawa, na vishikio vya mapanga visome pembe ya nyuzi sifuri. Juu kabisa mimi naweka kumi. Wengine wanapenda kumi na mbili, hao wana pesa ya mapanga. Sasa nikisukuma mbele, sahani inainama mbele. Kulia... kulia... mbona hivi? Mpwa wangu, sogeza simu karibu. Karibu zaidi. Mnaona? Kifimbo cha sevo, ile mota ndogo inayoinamisha sahani, kimechomoka kwenye kigololi chake. Nilipiga picha nzima nikijisifu, kumbe kinaning'inia. Kibonyeze mpaka kilie "ta". Kisipolia hakijaingia. Haya, kulia tena. Sawa sasa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Jairo. Ile ya kwanza niliyoifunga niliona mkia unajibu rimoti, nikasema basi, imekwisha. Kuinyanyua tu ikazunguka kama pia, ikaenda kuukata mpapai wa jirani. Bi mkubwa mwenye mpapai alinilipisha mapapai mawili mabichi, na mapanga jozi nzima yakaenda. Kosa lilikuwa jairo imegeuzwa: badala ya kuuzuia mkia, inauongeza kasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Peleka kijiti cha mkia kulia, tazama hiki kitelezi cha mkiani, kinachogeuza mapanga madogo, kinakwenda upande gani. Hapa kinakimbilia kwenye boksi la gia la mkia. Kiweke akilini. Achia kijiti. Sasa shika helikopta, zungusha PUA kushoto kwa haraka. Kitelezi lazima kiende kulekule, kwenye boksi. Pua ikitupwa kushoto, jairo inairudisha kulia. Kikienda kinyume, ingia kwenye mpangilio wa jairo ugeuze, kisha pima upya. Na nimesema pua, sikusema mkia. Ukitazama mkia utachanganyikiwa. Mpwa wangu hapa kachanganyikiwa mara mbili, naye ndiye anayepiga picha.

Narudia, pua kushoto, kitelezi kama ulivyobonyeza kulia. Usiniandikie kesho.

Rudisha waya za mota, funga mapanga. Nati zake usikaze mpaka mwisho: ukiilaza ubavu, panga lisianguke lenyewe, lakini ukitikisa kidogo lishuke. Kisha ishike kichwani kwa vidole viwili, uinyanyue. Ikae sawa au pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Mzani wenyewe ni huo.

Kuruka, hapa mjini hapana, uwanja wa ndege uko jirani, na kibali kiulizie mapema. Sisi tunakwenda shamba, asubuhi, kusi halijaamka. Pwani pia sipendi: mchanga unaingia kwenye mota na chumvi inakula beringi.

...Haya, tumefika. Nimebandika utepe mwekundu panga moja, mwingine wa buluu, nione kama yanapita mstari mmoja. Watoto, nyuma ya mwembe! Mimi mwenyewe niko hatua kumi na tano, kwa sababu haya mapanga yanapita mizunguko 2,000 kwa dakika na hayana huruma. Zungusha pole pole... mwekundu uko juu kuliko wa buluu. Zima. Subiri mapanga yasimame kabisa, kabisa, ndiyo uende. Fupisha kiunganishi cha panga la mwekundu nusu mzunguko. Tena... sasa naona mstari mmoja.

Nyanyua. Majani yanalala... miguu imekuwa myepesi... mkia umetulia, alhamdulillahi. Sentimita ishirini tu hapo. Shusha.

Gusa mota: vuguvugu. Mapanga ya milimita 325 ninayo dukani, jozi tatu zimebaki. We, nani kakanyaga rimoti?