Kubadili Jina la Faili si Kubadili Fonti

Ndugu zangu, naanzia pale pale ninapoanzia kila mara, kwa sababu kosa hili haliishi. Mtu ana faili ya WOFF2, yaani fonti iliyobanwa kwa ajili ya tovuti, anafuta herufi zilizo baada ya nukta, anaandika ttf, kisha anashangaa kompyuta inapokataa kuisakinisha. Kubadili jina si kubadili faili! Fonti hutambuliwa kwa baiti zake nne za kwanza. TrueType, ile ya faili za .ttf, huanza na 00 01 00 00. OpenType, aina iliyojengwa juu ya TrueType, ikiwa na mikunjo ya CFF (njia nyingine ya kuchora maumbo ya herufi), huanza na OTTO, WOFF, iliyotangulia WOFF2, huanza na wOFF, na WOFF2 huanza na wOF2. Ifungueni kwa programu inayoonyesha baiti, mtaziona.

Najua yupo wa kuniuliza: "Mbona nilibadili .ttf kuwa .otf na ikakubali?" Ilikubali kwa sababu programu ilisoma baiti, ikakuta TrueType, ikaitumia kama TrueType. Hukugeuza kitu. Wala .otf si lazima iwe na CFF. Kanuni za OpenType zinairuhusu kubeba mikunjo ya TrueType pia. Vivyo hivyo, ukiipa TrueType jina la .woff2, kivinjari kinaweza kuionyesha, lakini hakuna kilichobanwa, na msomaji wako anapakua mzigo wote.

Kugeuza kwenyewe ni hivi. Sakinisha fontTools, zana za Python za kushughulikia fonti, pamoja na moduli ya Brotli, inayobana data. Bila Brotli, WOFF2 haitengenezwi. Kisha, kwenye dirisha la amri, andika fonttools ttLib.woff2 compress fonti.ttf. Ukitaka kuirudisha, weka decompress badala ya compress. Kuona majedwali yaliyomo, yaani sehemu za data zinazounda fonti, andika ttx -l fonti.ttf. Maumbo ya herufi hayaguswi hapo, kwa kuwa WOFF na WOFF2 ni vifungashio vya majedwali yale yale.

Kutoka TrueType kwenda CFF, au kinyume chake, ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wanapoharibu. TrueType, iliyotoka Apple mwaka 1991, huongoza kila mkunjo kwa nukta moja iliyo kati ya ncha mbili. CFF, kama Type 1, aina ya zamani ya fonti za Adobe, kabla yake, hutumia nukta mbili. Kihesabu, mkunjo wa TrueType unaandikika kwa njia ya CFF bila kupotoka. Ukirudi upande wa pili unapata makadirio, na idadi ya nukta huongezeka. Gridi za kuchorea herufi nazo hazilingani: TrueType nyingi huchorwa kwenye vipimo 2048, CFF kwa kawaida 1000, kwa hiyo ukizipunguza ziingie kwenye 1000, namba za nukta hukatwa. Maelekezo ya kunyoosha herufi kwenye pikseli hayahamishiki. Herufi ndogo kwenye skrini yenye pikseli chache huonekana zimekwaruzika. Kama huna sababu ya kugeuza, usigeuze!

Muda unakwisha na cmap sijaigusa. Kwa ufupi: fonti hubeba michoro yenye namba, na jedwali la cmap ndilo linalosema namba 97 ya Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), yaani a, iende kwenye mchoro upi. Isipopata kitu, unaonyeshwa mchoro namba 0, kile kisanduku mnachokijua. Zipo fonti za zamani zilizochora ŋ mahali pa @. Maandishi hayo, ukibadili fonti tu, yanajaa @. Dawa ni kuyageuza maandishi yenyewe yawe Unicode. Kuitafuta tena ile fonti ni kuendeleza ugonjwa.

Fonti badilifu, za tangu 2016, nitazipitia mbio: faili moja hubeba unene wote, na mipaka yake imo kwenye jedwali la fvar. Kama fvar inasema wght (unene) ni 300 hadi 700, kuandika 900 hakuongezi kitu, kivinjari kitasimama 700.

Na mwenye faili za .pfb za Type 1, Adobe waliacha kuzihudumia Januari 2023. Zigeuze kuwa OpenType, na usiisahau faili ya vipimo, .afm, inayofuatana nayo, maana nafasi za jozi kama AV zimo humo, hazimo kwenye .pfb.