Kuzaliwa na Kiswahili si kuwa mwalimu: nawajibu kutoka Berlin

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko jikoni, sijajipamba, mtanivumilia, maana jioni hii nina kipindi cha kufundisha Kiswahili.

Kila nikiweka video lazima mtu aniulize: "Dada, mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, nikija huko si nitafundisha?" Haya, sikilizeni. Kuzaliwa nacho kutakufikisha mlangoni tu. Ukiingia ndani unamkuta mhandisi wa watu, kaja na daftari na kalamu za rangi mbili, anakuuliza: mwalimu, ulisema rafiki ni mtu, mbona basi ni "rafiki yangu" na si "rafiki wangu"? Ukimwambia ndivyo tunavyosema kwetu, hatosheki. Anataka kanuni, na kama kanuni ina vighairi, anataka orodha yake. Kwa hawa watu wazima wa jioni mimi ni fundi wa ngeli, basi. Wala hawana haja ya kujua natoka Tanga.

Halafu nina madaktari na wauguzi wanaojiandaa kwenda kujitolea Tanzania. Hao ngeli ziwapite mbali! Wanataka "unaumwa wapi", "tangu lini", "vuta pumzi". Kwao nimekuwa mgonjwa. Nalala juu ya meza mbili zilizounganishwa, nashika tumbo, naanza: "Daktari, linanikata, linapanda mpaka kifuani, usiku kucha sijalala, na mume wangu kasafiri!" Wanatazamana. Mgonjwa wa kitabuni hujibu kwa sentensi moja na hamtaji mume.

Lakini darasa linalonikosesha usingizi ni la Jumamosi, la watoto. Wamezaliwa hapa, mzazi mmoja Mswahili au wote wawili. Wanaelewa kila kitu, wanajibu Kijerumani. Sasa yupo binti mmoja, baba yake mtu wa Bukavu, kule Kongo, ambako Kiswahili chao si kama chetu. Nikimuuliza unafanya nini, ananijibu bila wasiwasi: "Niko nakula." Mkononi ana biskuti, kweli anakula.

Yule mhandisi akisema hivyo, namrekebisha palepale: ninakula. Na huyu? Nikimwambia kakosea, ndiyo nimemwambia baba yake anakosea, na bibi yake aliyeko Bukavu pia. Mtoto ameshajitahidi kufungua mdomo, nami nimfunge kwa jina la Kiswahili sanifu? Walimu wenzangu wapo wanaosema sanifu ni sanifu, mtoto azoeshwe mapema. Mimi sikubali. Sanifu atajifunza akianza kusoma na kuandika; kwa sasa namjibu, "Unakula nini, mama?" na maongezi yanaendelea. Jumamosi hakuna anayeniita mwalimu, wananiita shangazi, na mzazi akichelewa kumfuata mwanawe napika chai. Mkataba wangu hausemi chochote kuhusu chai.

Tukija kwenye mkataba: wengi wetu tunalipwa kwa vipindi. Darasa lisipojaa linafutwa, likizo hailipwi, na bima unajitafutia. Kwa hiyo wale mnaoniona kwenye picha nimesimama mbele ya ubao, mjue na hilo.

Na hatukuanza sisi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, kutoka Bagamoyo, alikuja hapahapa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kututawala. Fikiria unamfundisha mtu kuamrisha, na atakayeamrishwa ni ndugu yako. Mwaka 1905 akafunga safari ya kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, watawala wa koloni wakamkatalia kuingia naye. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Msomi mzima, lakini machoni pao alikuwa Mwafrika aliyevuka mpaka wake. Nikisikia mtu anasema ualimu wa lugha ni kazi nyepesi, huwa namkumbuka yeye.

Basi, kama kweli mnaitaka kazi hii, msianze na viza. Anzieni hapo nyumbani: BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafundisha wageni, mnaweza kuona kazi yenyewe ilivyo. Mkifundisha mtalii mmoja na mtoto mmoja wa mjomba aliyekulia ng'ambo, mtajua kama mnaiweza.

Mimi nakwenda, leo wanataka kujua kwa nini tunasema "marafiki zangu".