Nyumbani kwangu kwa Kituruki: tunaliunga neno hatua kwa hatua

Habari, karibu tena. Shika daftari na kalamu, maana somo hili ukilisikiliza tu litakutoka.

Andika ev katikati ya ukurasa. Ni nyumba. Sisi tukisema "nyumbani" tumemaliza: naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani. Neno halibadiliki, kazi yote anafanya kitenzi. Mturuki hakubali. Andika chini yake: eve, unakwenda, evde, uko, evden, unatoka. Zisome kwa sauti, mara tatu.

Sasa mwenye nyumba. Evim, nyumba yangu. Evin, yako. Evi, yake. Evimiz, yetu.

Tuunganishe. Mwenye mali hutangulia, mahali hufuata: ev, im, de. Evimde, nyumbani kwangu. Usigeuze! Ukianza na mahali utapata evdeyim, nalo ni neno halali kabisa, ila maana yake "niko nyumbani". Wingi hukaa mbele ya wote: ev-ler-imiz-den, kutoka kwenye nyumba zetu. Neno moja hilo.

Hapa wengi huteleza, nami niliteleza sana: evinde. Ni nyumbani kwako au kwake? Yote mawili. Kwako ni ev-in-de. Kwake ni ev-i-n-de, hiyo n imepenyezwa tu kati ya "yake" na mahali. Sikio halitakusaidia, sikiliza kama ametaja senin, yako, au onun, yake.

Badilisha neno: oda, chumba. Si odade, ni odada. Tazama irabu ya mwisho ya neno. Ikiwa a, ı isiyo na nukta, o au u, tumia da. Ikiwa e, i, ö au ü, tumia de.

Kimoja cha mwisho, nakipenda. Kitap okudum, nilisoma kitabu, chochote kile. Kitabı okudum, nilikisoma, kile tunachokijua. Kazi ya ki yetu wao wameipeleka mwisho wa nomino. Na p imelainika ikawa b, ukaisikia "kitabu" yetu. Sote tulilitoa kwa Waarabu.

Simamisha video. Andika "kutoka chumbani kwangu". Umepata odamdan? Safi. Umepata odamden? Rudi kwenye irabu.