Pima kioja kabla hujakirusha: mfano wa Liemba

Karibuni. Kioja cha leo kinahusu Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na kila mtu wa Kigoma ameshatumiwa kwenye simu: "Liemba ilikaa chini ya maji miaka 8 mfululizo, injini ikapona kimiujiza, na ndiyo hiyohiyo inaiendesha hadi leo."

Chukua daftari, chora safu tatu: dai, mwaka, sababu. Kwanza ikate sentensi hiyo. Ina madai matatu, usiyapime kwa mkupuo.

Sasa jaza miaka. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, yule gavana wa wakati wa Maji Maji. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli. Iliteremshwa ziwani Februari 1915. Julai 26, 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe na adui. Wabelgiji wakaiopoa, ikazama tena 1920. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kama Liemba. Umeona? "Mfululizo" imeanguka. Simamisha video hii, ulifute neno hilo daftarini.

Safu ya sababu ndipo wengi wanapochemsha, maana wanaona ajabu wanaacha kuuliza. Mafundi waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Chuma hushika kutu kikikutana na maji pamoja na hewa. Grisi inavizuia vyote viwili. Kwa hiyo futa "kimiujiza". Kioja chenyewe ni hiki: waliitunza ili waje waichukue, akafaidi adui yao. Hapo usiongeze chumvi, inatosha.

"Hadi leo" nayo ifute. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli.

Jina lisikupite. Liemba ni jina ambalo Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Uingereza, aliliandika kwa sehemu ya kusini ya ziwa. Hapo utashawishika kuruka hadi Ujiji, kwenye mnara wa kumkumbuka Livingstone. Nenda, ila chunga tarehe: Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta, anasema walikutana hapo Novemba 10, 1871, wakati shajara ya Livingstone inaweka Oktoba. Ukipiga picha ya mnara, usichague tarehe inayokupendeza. Ziweke zote mbili kwenye skrini, kila moja na jina la aliyeiandika, sekunde 5 angalau, msomaji wa taratibu azimalize.